Mlima nao una bahari yake

Neno theluji nalilijua kabla sijajua kusoma herufi za Kizungu. Sisi tuliosomeshwa vyuoni, huko visiwa vya Lamu na kwingineko mwambao, tulihifadhishwa dua ambayo ndani yake mja humuomba Mola amtakase na makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakupata kuiona theluji maishani mwake, wala baba yake, wala babu yake. Nilipomuuliza ni kitu gani, alinijibu kwa ufupi, "Ni maji yaliyosimama," kisha akanyoosha mkono kutafuta kikoto chake, nami nikaendelea kusoma. Jawabu hilo lilinitosha kwa zaidi ya miaka arubaini.

Wazee wetu nao walikuwa na jawabu lao. Mwaka 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai nyuma ya Mombasa, alisafiri bara hadi upande wa Uchagani, na tarehe 11 Mei akauona Mlima Kilimanjaro na kilele chake cheupe. Akamuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini. Yule mtu akasema ni baridi. Rebmann alipoandika habari hiyo Ulaya, wataalamu wa jiografia walimcheka, hasa bwana mmoja wa London aitwaye Cooley, ambaye hakukubali kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mimi huona yule kiongozi alikuwa msomi kuliko Cooley. Hakuwa na jina la kitu, akakitaja kwa kazi yake.

Hayo nimeyaleta kama daka tu la nyumba. Chumbani ni kwengine. Makala yangu ya leo yahusu mlima ulioko jimbo la Washington, magharibi ya Marekani, na kijana mmoja wa miaka 19 ambaye kwa nasaba yetu ni mjukuu wangu, kwa kuwa baba yake ni mwana wa dada yangu.

Mwisho wa mwaka 2024 dada alinipigia simu kutoka Lamu, nami niko Mombasa. Hakunisalimu. Alisema, "Mtoto wa mwanangu yuwaenda na wenziwe milimani kuteleza juu ya theluji, na nimesikia mlima wa huko waweza kumwangukia mtu ukamzika. Bahari ilimchukua babu yake. Sasa baridi itamchukua yeye. Nawe umekaa hapo waandika mashairi." Mwenye dada mkubwa atajua kwamba maneno kama hayo si malalamiko, ni amri. Mpwa wangu akanipelekea tikiti, na katika mwezi wa Rajab, yaani Januari 2025, nikashuka uwanja wa ndege wa Seattle nimevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kofia yangu ya viua juu ya yote.

Mpwa wangu akaa Kent, mji ulio kusini ya Seattle, ambako Kiswahili utakisikia dukani na msikitini, cha watu wa Kongo, cha Wabarawa, na cha watu wetu pia. Kazi yake ni kuendesha lori. Huvuka milima ya Cascade hadi Wenatchee, akapakia matofaa ya Kizungu, akayaleta upande wa pwani. Njia yake hupanda hadi kipito kiitwacho Stevens Pass, mita 1,238 juu ya bahari. Kwa ajili hiyo yeye aijua theluji kama nahodha aijuavyo bahari: haipendi wala haichukii, bali huiuliza hali kila asubuhi kabla ya kutoka. Siku nyingine barabara hufungwa kwa masaa, wenye kazi hiyo wakaipiga milima kwa baruti, ili theluji iliyo tayari kuanguka ianguke hapo hapo, wakati watu hawapo chini yake.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, maana sidhani wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wameuona ila katika televisheni. Skii ni mbao mbili ndefu nyembamba, ncha zake zimepinda juu kama omo la ngalawa. Mtu huzifunga katika viatu vigumu, akashika fimbo mbili, akajiachia mlimani. Viko viwanja vya kazi hiyo, ambavyo mchezaji hupandishwa juu kwa kiti kinachoning'inia katika kamba ya chuma, na walinzi huwapo wa kuchunga njia. Na Wakenya si wageni kabisa wa mambo haya. Mwaka 1998, katika michezo ya Olimpiki ya baridi iliyofanyika Nagano, Japani, Philip Boit alishindana katika mbio za skii za kilomita 10, akafika wa mwisho. Na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja pale pale hadi alipofika, akamkumbatia. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya Pyeongchang huko Korea Kusini, akashindana Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi akalelewa Austria. Kilifi! Mahali ambapo kitu cha baridi kupita vyote ni dafu lililolala usiku barazani.

Lakini hao walicheza katika njia zilizolindwa. Mjukuu wangu na wenziwe hutoka nje ya mpaka, kwenye milima mitupu. Hubandika chini ya skii zao kanda zenye manyoya yaliyolala upande mmoja, zinazokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma, wakapanda kwa miguu yao saa mbili au tatu. Kisha wakazibandua, wakashuka kwa dakika chache. Nilimuuliza pana faida gani kupanda saa tatu ili ushuke dakika kumi. Akanijibu kwa adabu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Babu, na wewe shairi unaandika siku ngapi, na watu wanasoma dakika ngapi?" Nikanyamaza.

Siku ya pili yake alinionyesha vyombo vyake, maana alijua nimekuja kwa jambo gani. Chombo cha kwanza ni kama redio ndogo, huvaliwa kifuani chini ya koti, na wakati wote hutoa mlio usiosikika kwa masikio. Mtu akizikwa, wenziwe huzigeuza zao zikawa za kupokea, wakamfuata kwa mlio huo. Cha pili ni fimbo ndefu inayokunjwa, ya kuchoma theluji hadi iguse mwili. Cha tatu ni sepeto. Akaifukia redio ya akiba katika theluji nyuma ya nyumba ya rafiki yake, mimi nikiwa nimegeuka, kisha akaitafuta. Niliangalia saa yangu. Aliitoa kwa dakika nne na nusu, naye akihema.

Dakika hizo ndizo mali yote. Aliyezikwa akifukuliwa ndani ya dakika kumi za mwanzo, walio wengi huwa hai. Ikipita nusu saa, walio wengi huwa wamekwisha. Theluji inapokwenda ni kama maji, lakini ikisimama hushikana kama saruji, na mtu aliye ndani hawezi kuinua hata kidole. Mwalimu wangu na "maji yaliyosimama" yake hakujua alivyosema kweli.

Mimi nalidhani poromoko la theluji ni mkasa tu, kama nazi kumwangukia mpita njia. Sivyo. Wachunguzi wa mambo haya wameona kwamba katika maporomoko yanayowaua watu wa mchezo huu, kiasi cha mara tisa kwa kumi aliyeyaangusha ni yule yule aliyezikwa au mwenziwe aliyefuatana naye. Mlima haumwendei mtu. Yeye ndiye aendaye akagonga mlango.

Na sababu yake ni hii. Theluji ya mlimani haikuanguka siku moja. Huanguka leo ikatulia. Usiku ukawa hauna mawingu, na juu yake ukaota umande ulioganda, vipande vyembamba vinavyong'aa kama mbawa za kumbikumbi. Ni kitu kizuri kutazama. Kisha huja dhoruba, ikamwaga juu ya umande ule theluji mpya ya nusu mita au mita nzima, na upepo ukaishindilia hata ikashikana kama ubao mmoja. Apitaye haoni ila ubao mweupe, safi, usio na alama. Lakini chini yake uko ule umande, na umande ule haushiki kitu. Ni kama kutandika jamvi juu ya sakafu iliyomwagwa choroko, na sakafu yenyewe imeinama. Mteremko ukiwa chini ya digrii 30, aghlabu ubao hukaa mahali pake. Ukizidi sana 45, theluji haipati kurundikana, humwagika kidogo kidogo. Hatari iko baina ya hayo mawili, takriban mwinamo wa ngazi za nyumba zetu za ghorofa, na huo ndio mwinamo wanaoutafuta wachezaji, kwani ndio wenye raha. Uzito wa mtu mmoja waweza kutosha. Ubao hukatika kule juu, mteremko mzima ukaondoka kwa pamoja, na mwenye skii akajikuta amesimama juu ya kitu kinachokwenda.

Siku ya Jumamosi mpwa wangu akatutia katika gari yake ndogo, mimi na kijana, tukapanda hadi kipitoni ili niyaone kwa macho. Kilichonipiga kwanza ni kimya. Theluji humeza sauti. Watu walikuwa wakipita karibu nami nisisikie miguu yao. Wakati wa adhuhuri ulipoingia kijana akaniuliza kama yajuzu kutayamamu kwa theluji. Nikamwambia wafuasi wa Imam Malik wameiruhusu, lakini sisi Mashafi twataka udongo wenye vumbi, na vumbi hapa halipo. Basi aende bafuni akatawadhe kama watu. Akaenda, na mimi nyuma yake, na yale maji sitayasahau.

Karibu na kipito hicho ndipo ulipokuwa mji mdogo wa Wellington. Mwisho wa Februari 1910 treni mbili, moja ya abiria na moja ya barua, zilizuiliwa na theluji katika kituo cha hapo, haziwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Zilikaa siku baada ya siku. Wachache waliochoka kungoja waliteremka kwa miguu, wakasalimika. Waliobaki waliambiwa wastahimili. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, katikati ya radi, mlima uliokuwa juu ya kituo, ambao miti yake ilikuwa imeungua kwa moto, uliachia theluji yake, ikazisukuma treni zote mbili hadi bondeni. Watu 96 walikufa. Hakuna poromoko la theluji lililoua watu wengi zaidi ya hao katika historia ya Marekani. Baadaye mji ulipewa jina jingine, ukaitwa Tye, na leo pamebaki njia ya watembeao kwa miguu.

Hiyo ni habari ya abiria, watu waliokuwa hawana la kufanya. Habari iliyonikosesha usingizi ni nyingine, na mahali pake ni upande wa pili wa barabara hiyo hiyo.

Siku ya Jumapili, tarehe 19 Februari 2012, watu 16 walikusanyika juu ya Cowboy Mountain, mlima wa mita 1,784 ulio ubavuni mwa kiwanja cha Stevens Pass. Waliazimia kushuka upande wa nyuma, nje ya mpaka, kwa njia iitwayo Tunnel Creek, inayoteremka kama mita 900 hadi barabarani. Msomaji asidhani walikuwa watoto au majuha. Walikuwamo wachezaji wa kulipwa, waandishi wa habari za skii, mwamuzi mkuu wa mashindano ya kimataifa, mkuu wa matangazo wa kiwanja chenyewe, na wenyeji walioizoea njia ile tangu ujana wao. Redio za kifuani walikuwa nazo, na fimbo, na masepeto. Theluji mpya ya zaidi ya nusu mita ilikuwa imeanguka, na chini yake ulikuwa umande ule ule nilioueleza, ulioganda mwanzoni mwa mwezi. Onyo la hatari lilikuwa limetolewa, wala halikuwa siri.

Wakagawanyika makundi madogo, wakaanza kushuka. Ubao ukakatika juu, theluji ikaingia korongoni, na katika korongo hakuna pa kukimbilia. Wanaume watatu walikufa. Mwanamke mmoja, bingwa wa mchezo huo, alivuta kishikizo cha mfuko wa hewa aliokuwa ameuvaa mgongoni, ukajaa kama boya. Akaburutwa pamoja na wale hadi chini kabisa, akasimama amezikwa, lakini uso na mikono yake iko nje. Mtu mwingine alijibana baina ya miti, theluji ikampita. Mwandishi John Branch wa gazeti la New York Times aliwahoji waliobaki, akaandika habari ndefu iitwayo Snow Fall, iliyotoka Desemba 2012 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Kijana ndiye aliyenipa niisome. Nilikesha nayo siku mbili, kamusi mkononi.

Nilichokikuta humo hakikuwa ujinga. Lau ungekuwa ujinga, kazi yangu ingekuwa nyepesi: ningemwambia mjukuu wangu asome zaidi, nikapanda ndege nikarudi kwetu. Nilikuta kwamba kadhaa miongoni mwa wale 16 walikuwa na wasiwasi pale juu. Waliona kundi ni kubwa mno kwa siku kama ile. Walisita. Lakini kila mmoja aliwatazama wenziwe, akaona nyuso za mabingwa, akajiambia kuwa hawa wajua zaidi yangu, na lau pangekuwa na hatari wangalisema. Basi watu waliokuwa na ujuzi wa kutosha kuwaokoa wote walisimama bega kwa bega, kila mmoja akingoja neno la mwenziwe. Wanaotabiri maporomoko huyapanga kwa ngazi tano za hatari, na wengi hufa katika ngazi ya tatu. Siku ya ngazi ya tano hakuna atokaye. Siku ya tatu ndiyo siku ambayo jua huwaka, theluji ni nzuri, marafiki wamekuja kutoka mbali, na mwenye kusema "turudi" ataonekana mharibifu wa karamu.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Mimi pahali hapo napajua, ingawa si pa theluji.

Tulipokuwa tukishuka kutoka kipitoni, mpwa wangu kwenye usukani, kijana nyuma, nilimgeukia nikamuuliza, "Umewahi kurudi?"

"Kurudi wapi, babu?"

"Kurudi. Umefika juu, ukawaambia wenzako leo mimi sishuki."

Akakaa kimya kidogo, kisha akanieleza. Mwaka mmoja nyuma walikuwa watano. Yeye alichimba shimo kuzikagua tabaka, akagonga kwa sepeto, akaona tabaka ya juu imeteleza kwa urahisi. Wenziwe nao waliona. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja akafunga kiatu, akashuka, na wote wakamfuata. Halikuanguka lolote. "Na tulipofika chini salama," akasema, "tukaona kumbe tulikuwa sawa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifungua kinywa. Nikamweleza jambo ambalo sikupata kumweleza mtu yeyote kwa zaidi ya miaka thelathini.

Juni 1991, kusi limekaza, twalikuwa tumetoka harusini Faza, twarudi Lamu kwa mashua ya mashine. Chombo kile huchukua watu 14. Siku hiyo tulikuwa 24, na mizigo, na mbuzi wawili. Maji ya Mkanda yalikuwa yamepwa, chombo hakipiti. Tungengoja saa chache yangejaa. Lakini ikaamuliwa tupite nje ya Manda, kwa bahari kuu. Iliamuliwa na nani? Hadi leo sijui. Sikumsikia mtu akisema "twende nje." Nilisikia tu mashine ikigeuza sauti. Mle ndani mlikuwa na manahodha watatu, watu wazima, waliokwenda Pemba na Unguja kwa tanga. Mimi nalikuwa na miaka 22. Nalikaa karibu na tezi, mkono wangu nimeulaza nje ya ubavu wa chombo, na vidole vyangu vikagusa maji bila ya mimi kuinama. Nikavitazama vidole vyangu. Nikawatazama wale wazee watatu. Mmoja alikuwa akitafuna tambuu. Nikajiambia, hawa wajua.

Wimbi lilitupindua karibu na kuingia mlango wa Lamu. Wavuvi wa Shela walituokota watu 23. Wa 24 alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nilimwona ameshika kipande cha ubao, kisha nikauona ubao peke yake. Maiti haikuonekana. Aliswaliwa sala ya ghaibu, na imamu alipofika katika dua ya maiti, pale mahali pa maji na theluji na mvua ya mawe, mimi nilishindwa kuitikia amina. Mwanawe alikuwa na miaka 6, amesimama karibu na goti langu.

Mwana huyo ndiye aliyekuwa akiendesha gari. Sikumtazama nilipokuwa nikisimulia. Nilitazama fimbo za kufuta kioo, zikienda zikirudi.

Tulikwenda kama kilomita kumi hakuna aliyesema. Kisha akasema, "Mjomba, mimi nilikuwa nikiambiwa lilikuwa wimbi."

"Lilikuwa wimbi," nikamjibu.

"Ndiyo. Lakini..." Hakumaliza. Kijana kule nyuma alikuwa hata kupumua hapumui.

Katika njia hiyo uko mji mdogo uitwao Sultan. Usicheke, msomaji, ndilo jina lake, ingawa hakuna sultani wa Unguja aliyefika huko. Tukasimama hapo katika kituo cha petroli, na wakati wa alasiri umekwisha ingia. Mpwa wangu akatandika mkeka nyuma ya gari, akanisukuma mbele niswalishe. Nilikataa. Nikamwambia aswalishe yeye. Aliswalisha yeye, na baada ya salamu alikaa kitako muda mrefu, kisha akainuka, akaninunulia kahawa, akanitilia sukari vijiko vitatu kama nipendavyo. Hatukulizungumza tena.

Usiku huo niliandika beti moja nyuma ya bahasha, kwani mtu wa fani yangu akikosa la kusema huhesabu mizani:

Kijana usighurike, kwa weupe wa theluji,
Juu ina sura yake, na ndani yake ni maji,
Sema hata wakucheke, si mwoga mwenye kuhoji,
Mlima nao bahari, una wimbi lenye kimo.

Asubuhi nikampa. Akaisoma polepole, kidole chini ya maneno, baba yake akimfasiria alipokwama kwenye "usighurike". Akaipiga picha kwa simu, akawapelekea wenziwe wanne, ambao hawajui hata neno moja la Kiswahili. Sikumwambia aache mchezo. Nilimtaka ahadi moja tu: kwamba kundi lao, kabla ya kushuka, kila mmoja aulizwe kwa jina lake, aanzie mdogo, na mmoja akikataa warudi wote, asiulizwe sababu. Alisema atawaambia. Nikamuuliza watakubali? Akasema wawili watakubali, mmoja atacheka, na wa nne hajui. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Nilirudi Mombasa kabla ya Ramadhani. Dada yangu swali lake lilikuwa moja: "Umemkataza?" Nikamwambia sikumkataza. Akanikatia simu.

Dada hasomi magazeti, lakini husomewa na jirani yake kila Ijumaa baada ya chakula. Kwa hivyo kabla ya kuipeleka makala hii kwa mhariri nilipanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, nikaenda kukaa naye barazani, nikamweleza habari ya vidole vyangu na maji. Niliona heri aisikie kwangu kuliko kwa jirani. Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha. Nilipomaliza, alipepeta mara mbili tatu, akaokota kijiwe, akakitupa uani.

"Yeye mwenyewe alijua," akasema. "Asubuhi ile pale Faza nilimsindikiza hadi ufuoni na mtoto mgongoni. Alikitazama chombo, akaniambia, leo kimelala sana. Kisha akacheka, akapanda."

Nikamuuliza yeye alimjibu nini.

"Nilimwambia asisahau kununua mafuta ya taa," akasema, na akaendelea na mchele wake.